Goli Lisilohama

Jumamosi alasiri, wateja wakishapungua, duka la nafaka la Wanja Ndambiri pale Siakago hugeuka kuwa baraza la mashabiki wa kandanda. Watu huketi juu ya magunia ya ndengu na kunde, redio ikiwa juu ya kaunta, na wakingoja mechi ianze kila mmoja hutoa hadithi yake. Inayopendwa kuliko zote ni ile ya mechi ya kwanza. Huyu alibebwa mabegani na mjomba wake uwanjani Nairobi, akamwona kipa akiokoa penalti mbili. Yule alipanda mti wa mgrevilea nje ya ukuta wa uwanja, tawi likavunjika, akaangukia ndani na kuiona mechi bila tiketi. Ukiwasikiliza utadhani wote walizaliwa na bahati, kwa maana hakuna hata mmoja aliyekwenda uwanjani mara ya kwanza timu yake isishinde.

Wanja huwaacha wamalize. Ana miaka arubaini na tano sasa, ni mama wa watoto watatu, na hakuna mechi ya maana inayochezwa Embu ambayo yeye hukosa. Zamu yake ikifika huwaambia kwamba yeye, siku yake ya kwanza uwanjani, alishangilia goli la wapinzani. Alilishangilia peke yake, mbele ya umati mzima, mpaka sauti ikamkauka. Wale waliokwisha kuisikia huanza kucheka kabla hajafika popote.

Ilikuwa Desemba ya mwaka 1989. Wanja alikuwa na miaka tisa, na shule zilikuwa zimefungwa. Baba yake, Ndambiri, alizunguka maboma ya Mbeere akinunua mbuzi na kumuuzia Gedi, mfanyabiashara wa mifugo aliyeishi Meru mjini na aliyekuja Siakago na lori lake kila siku ya soko. Ndambiri alikuwa mtu wa maneno. Angeweza kumsifu mbuzi kilema mpaka mwenye mbuzi mwenyewe akatamani kumnunua tena. Soko zima lilimpenda kwa utani wake, na hakuna aliyeepuka ulimi wake, awe mchungaji wa kanisa au karani wa serikali.

Kitu kimoja tu hakukifanyia utani, nacho kilikuwa timu ya Nyuki ya Siakago. Wachezaji wa Nyuki walivaa jezi za manjano zilizochujuka, na mwaka ule walikuwa wamefika mbali katika kombe la mkoa kuliko walivyopata kufika. Jumamosi moja wangekutana na Radi ya Meru katika uwanja wa Embu. Kwa kawaida Ndambiri angekwenda na mwanawe wa kwanza, Murithi, lakini Murithi alikuwa Mitunguu kwa shangazi yake akisaidia kuvuna ndizi. Ndipo Wanja alipojitokeza.

"Nipeleke mimi, Baba."

"Wewe, Mama, unajua nini kuhusu mpira?" Alimwita Mama kwa sababu Wanja alipewa jina la nyanya yake, mama mzazi wa Ndambiri.

"Mimi ni kipa," Wanja akasema.

Ndambiri alicheka, akidhani ni mchezo wa watoto. Hakujua kwamba ilikuwa kweli. Kila siku ya likizo Wanja alichunga mbuzi ng'ambo ya korongo, na huko watoto wa pande mbili za korongo walikutana kucheza mpira wa karatasi za nailoni uliofungwa kwa kamba ya katani. Wanja alikuwa kipa wa upande wake tangu mwaka uliotangulia.

Mama yake, Kagure, hakupendezwa. Aliuliza ni nani atakayewachunga mbuzi, na tangu lini msichana akapelekwa kusimama katikati ya wanaume wanaopiga kelele. Hata hivyo Wanja alimfuata huku na huko siku tatu nzima, jikoni, kisimani, shambani, mpaka Kagure akasalimu amri. Akasema atawachunga mwenyewe, siku moja tu.

Walisafiri kwa lori la Gedi, lililokuwa limefagiliwa kwa matawi lakini likinuka beberu vilevile. Gedi alikuwa shabiki wa Radi, na njia nzima yeye na Ndambiri walirushiana maneno kupitia kidirisha kidogo nyuma ya dereva. Gedi alisema kwamba nyuki ni wadudu wa kufukuzwa kwa moshi. Ndambiri akamjibu kwamba radi ni kelele tu, mvua yenyewe hunyesha kwingine. Wanja alishika vyuma vya lori kwa mikono miwili na kutazama mashamba yakizidi kuwa ya kijani kadiri walivyopanda kuelekea Embu.

Alfajiri mvua ilikuwa imenyesha, na uwanja ulikuwa tope jekundu. Watoto waliachiwa nafasi ya mbele kabisa, nyuma ya goli moja, ili wasikanyagwe, na Ndambiri akasimama na wanaume wenzake hatua kama ishirini nyuma yao. Alimwonyesha Wanja timu yao, zile jezi za manjano. Wapinzani walivaa rangi ya machungwa. Robo saa haikupita kabla tope halijazifanya jezi zote kuwa rangi moja, rangi ya udongo.

Hilo halikumsumbua Wanja. Kule korongoni hakuna aliyevaa jezi, na alijua njia yake ya kufuata mchezo: tazama goli. Aliona kwamba Nyuki walikuwa wakilishambulia lile goli lililokuwa mbele yake. Basi goli hili ni la Radi, akajiambia, na lile la mbali ni letu. Mpira ukiingia hapa tumefunga, ukiingia kule tumefungwa. Na kweli, kabla ya mapumziko mpira uliteleza kwenye tope, ukampita kipa na kuingia wavuni hatua chache kutoka pua yake. Uwanja ulilipuka. Wanja aliruka, mtu asiyemjua akamrusha juu na kumdaka, na alipogeuka alimwona baba yake amelivua koti na kulizungusha hewani kama mtu anayefukuza ndege shambani. Hakuwa amewahi kumwona hivyo. Alitamani siku ile isiishe.

Wakati wa mapumziko alibanwa na haja ndogo, na mama mmoja aliyeuza mahindi ya kuchemsha akampeleka chooni, Ndambiri akiwaona. Foleni ilikuwa ndefu. Aliporudi mchezo ulikuwa umeanza tena, naye akapenya mpaka mahali pake na kulikazia macho goli lile lile.

Zikiwa zimebaki dakika chache, mpira ulitoka pembeni, ukagonga kichwa cha mtu na kuingia wavuni.

Wanja aliruka. Alivua kitambaa chake cha kichwa akakipunga, akaita Nyuki, Nyuki, Nyuki, kwa nguvu zake zote. Ilimchukua muda kusikia kwamba hakuna sauti nyingine. Watoto waliomzunguka walimkodolea macho. Mtu mmoja nyuma alitoa msonyo mrefu, na yule mama wa mahindi akamvuta gauni na kumkalisha chini. Katika kimya kile sauti ya Gedi ilisikika kutoka upande wa mashabiki wa Meru.

"Ndambiri, asante kwa mtoto. Huyu ni wetu."

Watu wakacheka. Walicheka mashabiki wa Radi, na baadaye hata wa Nyuki, kwa sababu wakati mwingine uchungu hutafuta pa kutokea. Wanja alimtafuta baba yake kwa macho. Ndambiri alikuwa ameshalivaa koti lake na kulifunga vifungo vyote, akitazama chini.

Mechi iliisha sare, bao moja kwa moja. Ikatangazwa kwamba marudiano yatakuwa baada ya wiki mbili, uwanja ule ule.

Njiani Gedi aliendelea na utani wake, akisema amesikia timu zikiibiana wachezaji lakini kuibiwa shabiki hajapata kusikia. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Ndambiri hakumjibu. Walipofika nyumbani alimwambia Kagure maneno machache tu.

"Wanja hatakwenda tena. Mpira una watu wake."

Alimwita Wanja, si Mama, na jina lile lilimchoma mtoto kuliko adhabu.

Siku ya soko mambo yalizidi. Habari zilikuwa zimemtangulia Ndambiri, na kila aliyepata kuumwa na ulimi wake aliona wakati wa kulipiza umefika. Walimwita mtu wa Meru. Mmoja alimuuliza kama mbuzi wake siku hizi wanalia Kimeru. Mwingine alimtaka amsalimie binti, shabiki mkuu wa Radi. Angekuwa ni mtu mwingine aliyepatwa, Ndambiri ndiye angekuwa wa kwanza kuyatunga maneno hayo. Lakini alirudi nyumbani mapema, akala, akalala.

Wanja alijaribu kujieleza. Alimwambia mama yake kwamba goli lile lilikuwa la Radi, aliwaona Radi wenyewe wakililinda, na kwamba alichofanya ni kushangilia mpira uliopaswa kushangiliwa. Kagure alimsikiliza kwa upole, lakini kwake yeye magoli yote yalikuwa sawa, vijiti na nyavu, akamwambia akamweleze baba yake. Kila Wanja alipoanza, baba yake aliinua kiganja kumnyamazisha. Wiki ya kwanza ikapita. Marudiano yakabaki siku sita, na Wanja alizihesabu siku hizo kila asubuhi alipowafungulia mbuzi, bila kujua afanye nini. Hakutaka kuiona mechi tu. Alitaka kumwona tena baba yake akilizungusha lile koti, naye awe karibu.

Jumapili ile baada ya kanisa, Ndambiri alivuka korongo kumtafuta mbuzi jike mmoja ambaye Gedi alikuwa amemuulizia. Alisikia kelele za watoto kabla hajawaona. Alipopanda ukingo wa pili alikuta mechi imepamba moto katika uwazi wenye mawe na vichaka, mawe mawili makubwa yakiwa goli upande huu na visiki viwili vikiwa goli upande wa pili. Bintiye alikuwa amesimama kati ya yale mawe.

Ndambiri alisimama akatazama. Jambo la kwanza aliloona ni kwamba Wanja hakuutazama mpira kila wakati. Mpira ukiwa mbali aliugeuzia uwanja mgongo na kutazama mbuzi wa upande wake, waliokuwa wakila vichaka nyuma ya goli, akawahesabu kwa kidole. Mmoja akisogelea mashamba, alipiga mluzi, na mbuzi akarudi. Kisha aligeuka tena kudaka. Kipa wa upande wa pili, mtoto wa jirani aliyeitwa Nelius, alifanya vivyo hivyo kule kwenye visiki, na mbuzi wa upande wake nyuma yake.

Na alidaka vizuri. Ndambiri, aliyejua mpira, aliona hivyo bila kutaka.

Alitazama kwa muda mrefu, akashindwa kuvumilia. Akaingia uwanjani na kuwaambia kwamba mchezo wao ni mzuri ila hauna utaratibu. Muda kama huu, akasema, timu hubadilishana magoli. Walio huku wanakwenda kule, walio kule wanakuja huku. Watoto walimtazama kana kwamba amewaambia wale mchanga.

"Na mbuzi?" Nelius aliuliza.

Ndambiri akasema mbuzi hawachezi. Watoto hawakuweza kumbishia mtu mzima, basi wakabadilishana. Wanja akaenda kwenye visiki, Nelius akaja kwenye mawe, na mpira ukaendelea.

Haikuchukua muda. Mbuzi wa kwanza wa Ndambiri alisogea kuelekea shamba la ndengu lililokuwa bondeni, lililochanua vizuri mwaka ule. Nelius alipiga mluzi. Mbuzi aliinua kichwa, akasikia ni mluzi wa mtu asiyemjua, akaendelea na safari yake. Wenzake kumi na wanane wakamfuata. Kule visikini Wanja alijaribu kuwaita mbuzi wa Nelius, nao hawakujisumbua hata kuinua vichwa. Walitawanyika kwenye mtama wa mtu. Mpira uliachwa katikati. Watoto wote walikimbia, na Ndambiri, akiwa na suruali yake ya kanisani, alikimbia mbele yao bondeni, kofia ikamtoka, akawa anawatoa mbuzi kwenye ndengu za jirani mmoja mmoja, huyu kwa pembe, huyu kwa mguu.

Walipomaliza aliketi juu ya jiwe moja la goli, akihema. Wanja alimletea kofia na kusimama kando, akingoja kugombezwa.

"Kwa hivyo hamhamishi magoli," Ndambiri akasema polepole.

"Hatuwezi kuhamisha, Baba. Mbuzi watabaki na nani?"

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja. Goli letu ni hili. Lao ni lile."

Ndambiri aliutazama ule uwanja, mawe upande huu, visiki upande ule. Wanja aliona uso wa baba yake ukibadilika kidogo kidogo, kama mtu anayesoma barua na kufika mahali panapomshangaza. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akashika mbavu, akafuta machozi kwa kofia, akaanza tena. Watoto walicheka kwa sababu alicheka.

"Kule Embu," alisema alipoweza, "walibadilishana ulipokuwa chooni, Mama. Wewe ulikuwa unalitazama goli lile lile."

Wanja hakucheka. Ilimchukua muda kuelewa kwamba watu wazima, wenye jezi na filimbi, wanaweza kuhamisha kitu kama goli katikati ya mchezo. Alipoelewa alisema jambo moja tu, kwamba angeambiwa mapema asingeshangilia. Baba yake alikubali kwamba ni kweli. Ndiye aliyempeleka uwanjani, akamwonyesha jezi, asimweleze hata sheria moja.

Siku ya soko iliyofuata Ndambiri alikisimulia kisa kile mwenyewe, kabla mtu hajamwanza. Alikisimulia vizuri, pamoja na kofia, suruali ya kanisani na mbuzi waliokataa mluzi, na watu waliokuja kumcheka walijikuta wanacheka pamoja naye. Gedi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa makini kabisa swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria: kipa akifungwa na wakati huo huo mbuzi akapotea, analaumiwa kwa lipi kwanza? Wanja, aliyekuwa amesimama kando ya baba yake, akajibu kwamba ni kwa mbuzi. Gedi akampa mkono kama mtu mzima.

Lilibaki swali la Kagure la ni nani atakayechunga. Yeye alikuwa amesema siku moja tu, na alikuwa mwanamke wa neno lake. Jumamosi ya marudiano, jua halijachomoza, majirani waliokwenda mtoni walimkuta Ndambiri akirudi na mzigo wa majani kichwani, majani ya kutosha mbuzi waliofungwa nyumbani kutwa nzima. Wanaume wa pale hawakuwa na mazoea ya kubeba majani kichwani. Alisalimia kila mtu na kupita.

Tangu lori lilipoondoka mpaka lilipofika Embu, alimfundisha. Alimweleza kuhusu kubadilishana magoli, kuotea, kona, na kwa nini refa hubeba kadi mfukoni. Safari hii hakumwacha mbele na watoto. Aliomba nafasi, wakaketi pamoja chini, nyuma ya goli.

Nyuki hawakulichukua kombe mwaka ule, na Wanja hajapata kulificha jambo hilo mbele ya mashabiki dukani mwake. Radi walikuwa timu bora, na mwishowe ndio waliosonga mbele. Walifunga mapema, katika goli lile lile lililokuwa mbele ya Wanja na baba yake. Umati ukanyamaza. Wanja alikuwa amekalia viganja vyake ili visije vikajiinua vyenyewe, na aliona kwamba baba yake alimtupia jicho la haraka, kisha akatazama mbele.

Wakati wa mapumziko hakwenda popote. Alizitazama timu zikitoka, na ziliporudi alizifuata kwa kidole moja baada ya nyingine mpaka kila kipa akasimama mahali pake papya.

Kipindi cha pili kilikuwa cha Nyuki. Walikuja na kurudi, wakagonga mwamba, wakanyimwa kona, wakaja tena. Kisha mchezaji mmoja mfupi, ambaye jina lake Wanja hakupata kulijua, alipiga mpira katikati ya miguu ya watu, ukamgonga beki, ukabadili njia na kujiviringisha polepole mpaka wavuni.

Watu wote walisimama kwa kishindo. Wanja hakusimama. Hofu ilimjaa, ile ya kuwa peke yake tena juu ya kelele zake mwenyewe. Alimgeukia baba yake. Ndambiri naye alikuwa bado ameketi, koti magotini, na hakuwa akiutazama uwanja. Alikuwa akimtazama yeye.

"Ni letu?" alimuuliza.

Wanja alitazama kipa aliyekuwa akiutoa mpira wavuni, akatazama goli la mbali, akahesabu kimoyomoyo nani alikuwa wapi kabla ya mapumziko.

"Ni letu, Baba."

Ndipo Ndambiri aliposimama na koti lake, na Wanja naye akasimama, wakaruka na kupiga kelele wakati wenzao walikuwa tayari wameanza kuketi.